Hugo van Lawick

Hugo Arndt Rodolf van Lawick (Surabaya, 10 Aprili 1937 – Dar es Salaam, 2 Juni 2002) alikuwa mpigapicha na mtengenezaji wa filamu za wanyamapori kutoka Uholanzi, mzaliwa wa ukoo wa kikabaila wenye cheo cha baroni. Sehemu kubwa ya maisha yake aliishi na kufanya kazi Tanzania. Anajulikana zaidi kwa picha za sokwe wa Gombe na za mtafiti Jane Goodall, aliyekuwa mke wake wa kwanza. Hata hivyo miaka mingi zaidi aliitumia Serengeti, katika nyika inayoanzia nyanda fupi za majani za Ndutu upande wa kusini na kufika mto Mara upande wa kaskazini, karibu na Tarime.

Kabla ya wakati wake picha nyingi za wanyama wa Afrika zilifanana na nyara za mwindaji. Zilionyesha mnyama mkubwa, aliyesimama, akitazama kamera au akikimbia hatari. Van Lawick alipiga picha za wanyama waliokuwa na majina, jamaa, tabia na historia. Alitaka mtazamaji amwone fisi fulani, si fisi tu. Wazo hilo lilimfuata tangu Gombe hadi filamu yake ya mwisho, na mara moja lilimfanya avunje kanuni kuu ya kazi yake mwenyewe.

Maisha ya awali

Van Lawick alizaliwa Surabaya, kisiwani Java, wakati Indonesia ya leo ilipokuwa koloni la Uholanzi. Baba yake alikuwa rubani wa jeshi la majini la Uholanzi. Alifariki mwaka 1941, mtoto akiwa na umri wa miaka minne. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipofika visiwani, mama yake alimchukua pamoja na ndugu yake wakakimbilia Australia. Baadaye waliishi Uingereza, na hatimaye Hugo akamalizia masomo ya shule Uholanzi.

Kwa hiyo alikua katika nchi kadhaa na lugha mbili bila kukaa sana popote. Kitu alichokuwa nacho kila alikoenda kilikuwa mapenzi ya wanyama. Kamera aliichagua kwa sababu hiyo hiyo: hakuwa na elimu ya juu ya zoolojia, wala hakutaka kuwinda, na aliona kwamba mpigapicha anaweza kulipwa ili akae karibu na wanyama hai. Baada ya kujifunza kazi ya filamu Ulaya alianza kutafuta nafasi ya kwenda Afrika.

Kufika Afrika Mashariki

Nafasi hiyo aliipata mwaka 1959 kwa Armand na Michaela Denis, mume na mke waliokuwa wakitengeneza vipindi vya wanyama kwa ajili ya televisheni ya Uingereza wakiwa na makao Nairobi. Ulikuwa mwaka mzito kwa Serengeti. Mwezi Januari mpigafilamu Mjerumani Michael Grzimek alikufa ndege yake ilipoanguka, akiwa anahesabu wanyama wa nyika hiyo pamoja na baba yake Bernhard. Mwaka huohuo eneo la Ngorongoro lilitengwa na hifadhi ya taifa, na Wamasai waliokuwa wakichunga ndani ya hifadhi wakahamishwa.

Kazi ya akina Denis ilimfundisha Van Lawick ufundi, lakini mtindo wao haukuwa wake. Katika vipindi vyao wenyeji wa kipindi walikuwa wahusika wakuu, na wanyama walikuja na kuondoka. Akiwa Nairobi alifahamiana na Louis Leakey, mtaalamu wa visukuku aliyekuwa akichimba Bonde la Olduvai pamoja na mke wake Mary, akapiga picha za kazi yao kwa niaba ya shirika la National Geographic la Marekani. Leakey alimwona kijana huyu mtulivu, mwenye subira, anayeweza kukaa siku nzima bila kuzungumza. Alikuwa akimtafuta mtu wa aina hiyo.

Gombe

Jane Goodall alikuwa ameanza kuwachunguza sokwe wa Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika karibu na Kigoma, mwezi Julai 1960. Ndani ya miezi michache aliona jambo ambalo wataalamu wengi hawakulitegemea: sokwe aliyepewa jina David Greybeard aliingiza kijiti katika kichuguu, akavua mchwa nacho na kuwala. Mnyama alikuwa anatumia chombo. Goodall hakuwa na shahada wakati ule, na baadhi ya wanasayansi walisita kumwamini msichana aliyekaa peke yake msituni. National Geographic iliyogharamia utafiti ilitaka picha. Goodall kwa upande wake aliogopa kwamba mtu mgeni mwenye mitambo mikubwa angewatisha sokwe na kumharibia kazi ya miaka miwili.

Van Lawick alifika mwaka 1962. Goodall alisimulia baadaye kwamba siku za mwanzo David Greybeard alilifikia hema la mgeni, akafunua pazia, akamtazama, kisha akaendelea na ndizi zake. Wengine hawakuwa wepesi hivyo. Mpigapicha alilazimika kupanda milima yenye mteremko mkali akibeba kamera, lenzi ndefu na miguu mitatu, kisha kungoja ndani ya kibanda cha majani. Msituni mwanga ulikuwa hafifu na sokwe ni weusi, hivyo picha nyingi zilitoka giza tupu. Filamu zilizopigwa zilisafirishwa hadi Washington kusafishwa, na majuma yalipita kabla ya mpigapicha kujua kama amepata kitu au amepoteza siku zake.

Matokeo ya kwanza yalionekana katika toleo la Agosti 1963 la jarida la National Geographic, na Desemba 1965 filamu Miss Goodall and the Wild Chimpanzees ilionyeshwa kwenye televisheni ya Marekani ikiwa na sauti ya mwigizaji Orson Welles. Kuanzia hapo haikuwezekana tena kubisha: yeyote mwenye televisheni aliweza kumwona sokwe akivua mchwa.

Ila picha za Gombe hazikuwa ushahidi wa kisayansi tu. Waajiri wake walitaka kumwona Goodall mwenyewe sawa na walivyotaka kuwaona sokwe, naye Van Lawick alimpiga picha akipanda, akiandika, akitazama kwa darubini, akiosha nywele katika kijito. Kadiri miezi ilivyopita ndivyo picha hizo zilivyozidi kuwa za mtu anayependa anachokiona. Alimposa kwa telegramu wakati wa Krismasi ya mwaka 1963, Goodall akiwa kwao Uingereza, na walifunga ndoa London tarehe 28 Machi 1964.

Picha maarufu kuliko zote za kipindi hiki inamwonyesha mtoto wa sokwe aitwaye Flint, mwana wa Flo, aliyezaliwa mwaka 1964. Amesimama kwa shida na kunyoosha mkono, na Goodall amechuchumaa akimnyooshea wake. Vidole havijagusana bado. Ndani ya picha hiyo kuna hoja nzima kuhusu umbali kati ya binadamu na mnyama, bila neno hata moja chini yake. Leo watafiti hawaruhusiwi kuwagusa sokwe wa porini, kwa kuwa imejulikana kwamba magonjwa ya watu huwaua. Picha hiyo haiwezi kupigwa tena.

Wanyama wasiopendwa

Sokwe walikuwa wa Goodall. Van Lawick alitaka wanyama wake mwenyewe, na alichagua wale waliodharauliwa: fisi, bweha na mbwa mwitu. Katika masimulizi ya jamii nyingi za Afrika Mashariki fisi ni mlafi na mjinga, na wazungu walioandika vitabu vya uwindaji hawakumsema vizuri zaidi. Mbwa mwitu alichukiwa kwa namna nyingine. Kwa kuwa humrarua mnyama angali hai, alihesabiwa kuwa katili, na katika hifadhi nyingi za Afrika askari wa wanyamapori walimpiga risasi kama mharibifu.

Kuanzia nusu ya pili ya miaka ya 1960 familia ilipiga kambi kwa vipindi virefu Ngorongoro na Serengeti. Mtoto wao wa kiume, aliyeitwa kwa utani Grub, alizaliwa mwaka 1967 na alikulia katika mahema hayo. Huko Gombe wazazi walimjengea baraza lenye wavu wa chuma, maana sokwe huwinda watoto wa nyani na walijulikana kuwahi kuchukua hata watoto wa binadamu. Wazazi waliokuwa wakiwatetea wanyama wawindaji mbele ya dunia nzima walijua vyema kwa nini mtoto wao hakuachwa peke yake.

Kitabu kilichotokana na miaka hiyo kinaitwa Innocent Killers, yaani wauaji wasio na hatia, na kilitoka mwaka 1970. Goodall aliandika sura za fisi, Van Lawick akaandika za bweha na za mbwa mwitu pamoja na kupiga picha. Mbinu ya Gombe ilihamishiwa mbugani: kila mnyama alitambuliwa kwa sura yake na kupewa jina. Fisi walitambuliwa kwa mpangilio wa madoa na kwa mikato ya masikio. Mbwa mwitu walikuwa rahisi zaidi, kwa sababu mabaka yao meusi, meupe na ya rangi ya dhahabu hayafanani kati ya mmoja na mwingine. Picha za Van Lawick zilitumika kama daftari la majina.

Kitabu kiliwashangaza wasomaji wengi. Fisi walionekana wakiwinda usiku kwa makundi, wakilinda mipaka ya eneo lao na kutawaliwa na majike. Mtaalamu Hans Kruuk alikuwa akifikia matokeo kama hayo wakati huohuo katika maeneo hayohayo: huko Ngorongoro mara nyingi simba ndiye aliyekula mawindo ya fisi, wala si kinyume chake. Bweha walionekana kama mume na mke wanaolea pamoja. Mbwa mwitu, waliosemwa kuwa hawana huruma, walionekana wakitapika nyama kwa ajili ya watoto, wagonjwa na walinzi waliobaki pangoni. Kuhusu namna wanavyoua, Van Lawick alikiri kwamba inachukiza kutazama, lakini akadai kuwa huisha haraka kuliko mauaji ya simba au duma anayebana koo, ingawa hayo huonekana safi zaidi machoni pa watu. Alipiga picha mauaji hayo bila kuyaficha. Lengo lake lilikuwa mtazamaji aone damu na malezi katika mnyama yuleyule.

Ugunduzi mmoja wa wakati huo ulikuja kwa bahati. Mwaka 1966, baada ya moto wa nyasi kuwafukuza mbuni kwenye kiota chao Serengeti, wawili hao waliona tumbusi weupe wakiokota mawe kwa mdomo na kuyatupa juu ya mayai hadi ganda lilipopasuka. Taarifa yao ilichapishwa mwaka huohuo katika jarida la sayansi Nature, na picha za Van Lawick zikatoka National Geographic mwaka 1968. Ndege huyo akaingia katika orodha fupi ya wanyama wanaojulikana kutumia zana.

Solo

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Van Lawick alilifuata kundi moja la mbwa mwitu katika nyanda za Serengeti ili kutengeneza filamu ya maisha yao. Kwa kawaida katika kundi la mbwa mwitu jike mmoja tu hulea watoto. Safari hii majike wawili walizaa. Mmoja, aliyeitwa Havoc, alikuwa na cheo cha juu. Mwingine, Angel, alikuwa na cheo cha chini kabisa. Havoc aliwaua watoto wa Angel mmoja baada ya mwingine, hadi akabaki mmoja tu, ambaye Van Lawick alimpa jina la Solo.

Mtoto huyo aliishi, lakini kwa shida. Alikuwa mdogo kuliko watoto wa Havoc, alionewa wakati wa kula, na kundi lilipoanza tena maisha ya kuhama alishindwa kuwafuata. Hatimaye aliachwa nyuma peke yake katika nyanda zilizo wazi, mahali ambapo fisi wangemmaliza kabla ya asubuhi.

Kanuni ya watengenezaji wa filamu za wanyama inajulikana: tazama, usiguse. Anayemwokoa swala amemnyima duma chakula, na anayeingilia mara moja ameharibu ukweli wa kile anachokirekodi. Van Lawick aliijua kanuni hiyo na aliifuata kwa miaka mingi, pamoja na siku zote ambazo Havoc alikuwa akiwaua ndugu zake Solo. Safari hii aliivunja. Alimchukua mtoto, akamlisha, na baadaye akamweka karibu na kundi jingine la mbwa mwitu, ambalo lilimpokea. Hakulificha tendo hilo. Aliliweka wazi ndani ya filamu, na akalieleza katika kitabu alichokiita kwa jina la mtoto huyo.

Wapo waliomlaumu kwamba aliruhusu hisia zishinde sayansi. Lawama hiyo ina uzito, kwa kuwa jamii ya mbwa mwitu imejengeka kwa njia ambayo huwaondoa watoto wasio na nafasi, na mtu aliyekuja kueleza jamii hiyo aliigeuza. Lakini si rahisi kuona angefanya vingine. Mtu aliyewaambia watu kwa miaka kumi kwamba kila mnyama ni nafsi yenye jina angewezaje kuzima kamera na kwenda kulala hemani, akisema kwamba huyu ni mbwa mwitu mmoja tu kati ya wengi?

Jambo jingine limeipa hadithi hiyo uzito baadaye. Mwaka 1991 makundi ya mbwa mwitu yaliyokuwa yakichunguzwa katika nyanda za Serengeti yalitoweka yote. Kichaa cha mbwa kilichoenezwa na mbwa wa kufugwa kilitajwa kuwa chanzo, na wataalamu walibishana kwa miaka kuhusu mchango wa mambo mengine, pamoja na kushikwashikwa kwa wanyama na watafiti. Mbwa mwitu waliendelea kuwepo upande wa mashariki, Loliondo, na kuanzia mwaka 2012 baadhi ya makundi yao yalihamishiwa ndani ya hifadhi. Kwa hiyo filamu na picha za Van Lawick ni kati ya kumbukumbu bora zilizobaki za mbwa mwitu wa zamani wa nyanda zile.

Kambi ya Ndutu

Ndoa na Goodall ilivunjika mwaka 1974. Kazi ilikuwa imewagawa tangu zamani: yeye hakuweza kuiacha Gombe, naye Van Lawick hakuweza kupata fedha za filamu bila kwenda Serengeti. Waliendelea kuwa marafiki. Mwaka uliofuata Goodall aliolewa na Derek Bryceson, mkurugenzi wa hifadhi za taifa za Tanzania. Van Lawick alioa tena mwaka 1978, lakini ndoa hiyo nayo haikudumu.

Kilichodumu ni kambi yake kando ya ziwa la magadi la Ndutu, mpakani mwa Hifadhi ya Serengeti na Ngorongoro. Ilikuwa mahema machache chini ya migunga, na humo aliishi kwa zaidi ya miaka ishirini. Kati ya Desemba na Machi nyumbu hukusanyika pale kuzaa, kwa sababu majani mafupi ya udongo wa volkano yana madini wanayoyahitaji. Kisha huondoka kuelekea magharibi na kaskazini, wakivuka mto Mara, na kurudi mvua zinapoanza. Van Lawick aliishuhudia nyika ikibadilika: mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa Serengeti walikadiriwa kuwa kama robo milioni, na baada ya sotoka kudhibitiwa walizidi milioni moja kabla ya miaka ya 1970 kwisha.

Siku yake ilianza kabla ya jua kuchomoza. Aliendesha gari hadi alipowaacha wanyama jioni iliyotangulia, akazima injini, akangoja. Saa za katikati ya mchana, mwanga ukiwa mkali na bapa, hazikumfaa kwa picha, ingawa alibaki hapohapo ili wanyama wamzoee na asipitwe na jambo. Alipendelea kupiga kuelekea jua badala ya kulipa mgongo, kinyume cha wanavyofundishwa wanaoanza. Kwa njia hiyo vumbi la kwato huwaka kama moshi wa dhahabu, manyoya ya simba huzungukwa na mstari wa nuru, na nyumbu elfu moja hugeuka vivuli. Mara nyingine aliacha kamera wazi muda mrefu kidogo ili mbio za mnyama zifutike na kuwa mwendo mtupu, miguu isionekane.

Mkusanyiko wake Savage Paradise wa mwaka 1977 unaonyesha vizuri alichokuwa akikitafuta. Wanyama wawindaji wa Serengeti wamo, na mauaji yamo, lakini picha nyingi ni za utulivu: duma akitazama mvua inayokuja, fisi kwenye ukungu, anga kubwa na mnyama mdogo pembeni. Maneno mawili ya jina la kitabu, ukali na pepo, yanakaa pamoja katika kila ukurasa. Kwa wanafunzi wa upigaji picha kitabu hiki kina faida kuliko filamu zake, kwa sababu mtu anaweza kukaa na picha moja na kujiuliza mpigapicha alisimama wapi na kwa nini aliacha nafasi tupu pale alipoiacha.

Vijana kadhaa walikuja Ndutu kujifunza, na baadhi yao walipata majina katika fani hiyo. Hakuwa mwalimu wa maneno mengi. Alimpa kijana gari, kamera na mnyama mmoja wa kumfuata kwa miezi.

Filamu za mwisho

Katika miaka ya 1990 Van Lawick aliacha mikanda midogo ya televisheni na kutumia filamu ya milimita 35, ile ya majumba ya sinema. The Leopard Son, iliyotoka mwaka 1996, inamfuata chui mmoja wa Serengeti tangu utoto hadi anapotengana na mama yake. Ilisimuliwa na mwigizaji John Gielgud, na muziki ulitungwa na Stewart Copeland. Watazamaji wengi waliona katika filamu hiyo hadithi ya mtoto anayejifunza kuishi peke yake, na ni vigumu kutoikumbuka habari ya mtunzi wake, aliyempoteza baba akiwa na miaka minne.

Serengeti Symphony ya mwaka 1998 ilikwenda mbali zaidi. Haina msimulizi. Kwa zaidi ya saa moja mtazamaji anapewa wanyama, mwanga, sauti za nyika na muziki, bila mtu wa kumweleza anachokiona. Wauzaji wa filamu hawakupenda hatari ya namna hiyo, kwa kuwa filamu ya wanyama isiyo na maelezo huonekana kama somo lisilo na mwalimu. Kwa Van Lawick ilikuwa ndiyo namna aliyoitaka tangu mwanzo: picha iseme yenyewe.

Watu wasioonekana

Kuna kitu kimoja ambacho karibu hakimo katika Serengeti ya Van Lawick, nacho ni watu. Anayetazama picha zake hawezi kujua kwamba magharibi na kaskazini mwa hifadhi wanaishi Waikoma, Wanata, Wakurya na wengine, ambao mashamba na mifugo yao hufika mpakani, au kwamba Wamasai walichunga Moru na Seronera hadi mwaka 1959. Nyika yake ni ya kale, safi, isiyo na njia wala moshi. Huo ulikuwa uchaguzi wa msanii, na ulikuwa uchaguzi wa kizazi chake chote cha wapigafilamu. Uliwasaidia wahifadhi kuchangisha fedha Ulaya na Marekani, lakini uliacha nje ya picha nusu ya habari ya mahali pale, na kwa kijana wa Mugumu au Tarime anayeitazama leo, ardhi anayoijua inaweza kuonekana kama nchi ya mbali.

Miaka ya mwisho

Van Lawick alikuwa mvutaji sigara mkubwa, na mapafu yake yaliharibika kwa ugonjwa wa emfisema. Mwaka 1998, filamu yake kubwa ya mwisho ikiwa imekamilika, alilazimika kuiacha kambi ya Ndutu kwa sababu hakuweza tena kupumua vizuri katika nyanda hizo za juu. Alihamia Dar es Salaam kwa mwanawe, usawa wa bahari. Alikuwa amepata tuzo kadhaa za Emmy kwa filamu zake, pamoja na Nishani ya Safina ya Dhahabu iliyokuwa ikitolewa na Mwana wa Mfalme Bernhard wa Uholanzi kwa watu waliohudumia uhifadhi. Alifariki nyumbani hapo tarehe 2 Juni 2002, akiwa na umri wa miaka 65. Mwili wake ulirudishwa Ndutu na kuzikwa mahali palipokuwa kambi yake.

Mwaka 2014 masanduku ya filamu zake za Gombe, zenye zaidi ya saa mia moja, yalipatikana katika hifadhi ya nyaraka ya National Geographic. Nyingi hazikuwa zimewahi kuonyeshwa. Mwongozaji Brett Morgen alizitumia kutengeneza filamu Jane, iliyotoka mwaka 2017. Nyingi zilikuwa vipande vifupi visivyo na sauti: sokwe mmoja, kisha jani, kisha Goodall akigeuka kumtazama aliyeshika kamera.